Nafasi Ukutani

Babu aligoma kwenye ngazi za mbele, ameikumbatia nguzo nyeupe kama mtu anayeogopa kuchukuliwa na maji.

"Turudi nyumbani, mama," alimwambia mjukuu wake. "Yaliyopita si ndwele."

"Tumeshakata tiketi, Babu. Na ukuta unakungoja."

Mkobani mwa mjukuu mlikuwa na picha ya Babu, imetiwa fremu. Nyumba hii ya gavana ilipofunguliwa kwa wageni, ukuta mmoja wa ukumbi ulitengwa kwa picha za walionusurika kifungo cha chumba cha chini. Mwaka mzima mjukuu alikuwa amezunguka ofisi hii na ile, nenda rudi, ili Babu naye apate nafasi pale. Leo, baada ya matembezi, picha ingetundikwa.

Mjukuu ni mwalimu, na kila muhula huwasimulia wanafunzi habari za mzee aliyefungiwa gizani na bado hamchukii mtu. Babu mwenyewe si msemaji. "Nilikuwa kule chini," husema, basi. Mengine familia humsaidia kuyamalizia. Lakini alama zake mjukuu alizijua tangu utotoni. Babu hakubali mlango wowote nyumbani ufungwe kwa komeo, hata wa choo. Na usingizini hulia akiomba msamaha. Ni mateso gani hayo, mjukuu hujiuliza, yanayomfanya asiye na kosa aombe msamaha mpaka uzeeni?

Alimshika mkono. Wakaingia.

Mwongozaji, dada mchangamfu, aliwapitisha ukumbini, kisha chumba cha kulala. Mwanamume mmoja mnene aliyevaa kamera shingoni alikitazama kitanda akatikisa kichwa.

"Gavana mzima analala hapa? Mimi na mke wangu tungeamkia sakafuni."

"Mimi unanisingizia," mkewe alisema. "Wewe peke yako unatosha kukivunja."

Wote walicheka. Babu alikuwa akitazama pazia la ukutani, na mwongozaji alipolivuta, mlango mdogo na ngazi za kwenda chini vilikuwa pale pale.

Chini kulikuwa na baridi. Mlango ulikuwa wa mbao nzito zilizofungwa kwa vyuma, umewekewa jiwe usijifunge.

"Wafungwa waliletwa wamefungwa vitambaa machoni," mwongozaji alieleza, "na walitolewa hivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mlango huu kwa nje. Wanachokumbuka wote ni sauti. Mnyororo, teke, halafu amri." Aligeuka kwa heshima. "Au sivyo, mzee wetu?"

"Sikumbuki," Babu alisema.

Hakutaka kuingia. Kando ya mlango kulikuwa na kibaraza cha mawe, ukuta wake umelika kwa migongo ya watu. Alikaa hapo, akaegemea, akalaza fimbo magotini.

"Nendeni. Mimi nitawangoja hapa."

Mjukuu hakumlazimisha.

Ndani palikuwa pembamba, kuta zimekwaruzwa kwa kucha. Mjukuu aliweka kiganja juu ya mikwaruzo, akajiuliza ipi ni ya Babu. Machozi yakamlengalenga.

"Ngojeni nipate picha ya giza lenyewe," alisema mwenye kamera. Alilisukuma jiwe kwa kiatu, akauvuta mlango.

Upande wa pili, chuma kilianguka mahali pake.

Mwanamume alisukuma. Akasukuma tena, kwa bega.

"Umefanya nini?" Sauti ya mwongozaji ilikuwa imeisha uchangamfu. "Hatujawahi kuufunga huu!"

"Ufunguo si unao?"

"Hauna ufunguo. Una komeo la kizamani, kwa nje. Hata fundi alilichezea wee, akashindwa kujua linavyofanya kazi."

Simu zilitolewa, zikamulika kuta. Mtandao hakuna. Mke wa mwenye kamera alianza kuhema kama mtu aliyekimbizwa, kisha akaupiga mlango kwa ngumi. "Tutoeni! Jamani, tutoeni!"

Mjukuu hakujifikiria yeye. Alimfikiria mzee aliyeko nje, anasikia watu wakilia nyuma ya mlango ule ule. Moyo wake utahimili? Nani kamleta hapa, kama si yeye, na fremu yake? Aliitoa picha mkobani, akaikumbatia, akabandika shavu kwenye mbao.

"Babu! Usiogope, Babu yangu. Ni sisi tu. Panda juu polepole, umwite mtu yeyote."

Aligonga mbao kwa kiganja.

"Babu?"

Amezimia, aliwaza. Nimemuua.

Ndipo mnyororo ulipolia. Baada yake teke, moja tu, chini kabisa ya mlango. Komeo likaachia kwa ulaini, kana kwamba limepakwa mafuta asubuhi ile.

Mwanga ulimwagika ndani. Babu alikuwa amesimama wima, mgongo umenyooka kama ambavyo mjukuu hajapata kuuona, fimbo imeanguka miguuni pake. Mjukuu alimkimbilia, picha ingali kifuani.

Babu hakumtazama.

"Nyuso ukutani!" alifoka. "Mtatoka mmoja mmoja, mikono kichwani!"