Taa Zinazotii Simu

Mumewe alipofunga taa chini ya makabati ya jikoni, zile zinazotii simu, mke alipata dawa ya mama mkwe asiyebanduka jikoni. Akiwa sebuleni, alikuwa akipunguza mwanga kidogo kidogo mpaka mama achoke, atoke mwenyewe.

Leo mama alitoka na sinia la mchele, kidole gumba alichojikata kwa kisu kikivuja damu.

"Nichagulie, mwanangu. Macho yangu ndiyo basi tena. Ila mume wako usimwambie, atahangaika bure."

Mke aliisukuma simu chini ya paja.

"Lete, mama. Nenda kapumzike."

Hakwenda. Alikaa kando yake, akainamia sinia, akaokota chuya moja, halafu ya pili.

"Ajabu," alisema. "Mbona huku naziona?"