Wavu Katikati

"Usifungue!"

Bi Mwanamkasi aliuwahi mkono wa Zilpah kabla haujafika kwenye komeo. Zilpah, mtunzaji mwenzake, ndiyo kwanza alikuwa anaingia zamu, na baridi ya Birmingham ilikuwa imempandisha mabega mpaka masikioni.

"Kwani umewafungia humo wote wawili, Mama?"

"Kila mmoja na chumba chake. Kuna wavu katikati. Sijafanya la haramu mimi."

Zilpah alicheka. Wiki nzima bustani ya wanyama haikuwa na habari nyingine ila ya chui jike wa theluji aliyeletwa kwa ajili ya dume lao. Viumbe wagumu hawa! Kwao ni milima ya Asia, juu kuliko inapokomea miti. Kila mmoja ana majabali yake, na hukutana msimu wa kupandana tu. Wawindaji wa ngozi wamewapunguza, na katika hao waliobaki, mwenye kuchagua sana, ukoo hukatikia kwake.

Hilo la ukoo ndilo lililomkosesha Bi Mwanamkasi usingizi. Wawili walishaletwa. Wa kwanza alipewa mgongo, wa pili hata kutazamwa hakutazamwa. Na huyu wa leo, wasipoelewana, Jumatatu anaondoka.

Zilpah alinusa. "Na mbona hapa kunanukia udi?"

"Si tukiwakutanisha tunaanzaga na harufu?"

"Yule binti aliyekuja na chui jike, Daktari Maisara, amekubali hii maneno?"

"Ningemuuliza, angekataa."

"Haya. Na mwanao Haroun, leo hajakuja kukuchukua?"

"Kaja. Nimemtuma nyama."

Ndani kitu kiligonga ubao, kisha kimya. Bi Mwanamkasi alitega sikio. Aliogopa kweli, basi tu hakutaka kuonekana.

"Wataumana, Mama!"

"Wa kuuma angekwisha uma."

Zilpah hakuridhika. Aligeuka kutazama nje, kupitia ua wa chui wenye majabali yaliyoshika theluji, akitafuta wa kumwita aje kusaidia. Mkia mnene ulijikunja juu ya jabali. Kando yake ukajikunja mwingine. Chui wote wawili walikuwa wamelala pale nje, ubavu kwa ubavu.

"Mama," sauti ya Haroun iliita kutoka humo ndani, nyuma ya komeo, "Daktari Maisara anasema usiwe na haraka ya kufungua."