Mashine Isiyozama

Kiplangat alibonyeza gurudumu kwa kidole gumba, akalibonyeza tena, kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Hili ni pana ya kutosha?" aliuliza.

"Kabisa, boss," alisema Wangu, mwenye duka. "Na usiijaze upepo sana. Kwa ardhi tepetepe, gurudumu ngumu inalima tu."

Kiplangat alikuwa amezunguka duka hilo la Nakuru tangu lifunguliwe asubuhi, akitafuta mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha. Wangu alipomwonyesha kubwa yenye injini ya kujivunia, Kiplangat alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. Alitaka nyepesi. Alitaka isiyozama.

"Na ikipinduka?"

"Haipinduki hivi hivi. Usikate mvua ikitoka kunyesha, na wachana na ule mfuko wa kubeba nyasi. Ukiwekea hizi mashine mzigo nyuma, hapo ndio shida huanza."

Maneno ya namna hiyo hayakuwa mageni kwake. Mwaka uliopita, katika duka jingine, fundi alimwambia wazi kwamba mashine aliyoipenda ilikuwa nzito mno kwa shamba la kando ya mto. Kiplangat hakusikia la mwadhini wala la mteka maji. Alikuwa na kazi nzuri kule Olkaria, kwenye kituo cha umeme, na alitaka watu wa kwao Njoro waone chuma kikishushwa. Akainunua ile ile nzito, akampelekea kaka yake Kimeli kama zawadi. Kuhusu onyo la fundi alinyamaza kimya.

Kimeli ndiye aliyebaki nyumbani. Baba yao alipofariki waligawana shamba katikati, na Kimeli akaugeuza upande wake kuwa bustani ya kukodisha kwa harusi. Maharusi walizipenda zile nyasi zake. Walipiga picha hadi mvua iwafukuze.

Kisha, katikati ya masika, mashine ilipinduka kinyumenyume kule chini mtoni, mashamba ya ndugu hao wawili yanapokutana, ikamwangukia Kimeli na kumvunja nyonga. Kiplangat alipofika kutoka Olkaria, kaka yake alishakimbizwa hospitali. Mashine ilikuwa bado imelala matopeni, mnyororo umefungwa nyuma yake. Alidhani majirani walijaribu kuivuta wakashindwa. Alisimama pale akilia kama mtoto, na hakujali nani anamwona.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hakumpa usingizi. Tangu siku hiyo Kimeli alitembea kwa gongo, bustani ikawa kichaka, na maharusi wakahamia kwingine. Lakini kilichomuumiza Kiplangat kuliko vyote ni kwamba kaka yake hakumlaumu hata mara moja. Kila alipofika kando ya kitanda na maneno yake tayari, Kimeli aligeukia ukuta.

"Wacha tu, Kip. Ilikuwa bahati mbaya."

Afadhali angetukanwa. Mtu akitukanwa hujua deni lake limeanza kupungua.

"Nipakilie hii," alimwambia Wangu hatimaye, akiigusa ile ndogo yenye magurudumu mapana. Njiani kuelekea Njoro alijiapia kwamba leo angesema yote, na kwamba hangesema mikono mitupu. Kama kaka yake angemfukuza na kukata undugu, basi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Cheruto, mke wa Kimeli, alimpokea langoni, Kimeli akiwa nyuma yake. "Karibu, shem! Na umetuletea ingine?" Alicheka, ila macho yake yalikuwa kwa mumewe.

Kimeli aliizunguka mashine polepole kwa gongo lake. Aliinama, akaitazama nyuma kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama mbele.

"Hii haiwezi kuvuta kitu," alisema.

"Haivuti. Ni ya kukata nyasi tu."

"Basi ni nzuri."

Kiplangat aliyapokea maneno hayo kama kofi, kana kwamba ni ile nzito iliyokuwa ikisemwa. Alingoja Cheruto aende kutengeneza chai, kisha akamwomba kaka yake watembee kidogo, na miguu ikawateremsha yenyewe hadi kule mtoni. Kimeli hakutaka kusogea zaidi ya hapo mteremko ulipoishia.

"Bro, wacha niseme leo, usinikatize," Kiplangat alianza. "Ile mashine ingine niliambiwa ni nzito. Fundi aliniambia hii ardhi haitaibeba. Nilijua, na nikakuletea kwa sababu ya maringo yangu. Mimi ndio nilikuvunja."

Kimeli aligeuza uso kuelekea mtoni.

"Siwezi kukurudishia mguu," Kiplangat aliendelea, machozi yakimtoka waziwazi. "Lakini unaona hiki kipande changu cha hapa chini, hii yote inafika mtoni? Chukua. Iwe yako na watoto wako. Wiki hii tuite mzee wa kijiji aandike, nipate kulala."

Gongo lilimponyoka Kimeli mkononi. Aliketi chini kwenye nyasi mbichi, taratibu, kama mtu aliyezidiwa na mzigo, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe hospitali akamtazama mdogo wake machoni.

"Usinipe hiyo, Kip," alisema. "Siku ile sikuwa nakata nyasi. Nilikuwa nang'oa jiwe ya mpaka na ule mnyororo, ndio nichukue hiyo hiyo."