Kabla Saida Hajagusa Waya

Saida alikuwa amebakiza upana wa vidole viwili tu kuugusa waya, mkono wake ukasimama hewani.

Alikuja gereji kwetu Nkende kubadilisha stata, ile swichi ya kuwashia mota, ya kompresa kuukuu tunayojazia matairi upepo. Ile ya zamani ilikuwa imeungua mpaka plastiki ikajikunja.

"Gusa tu, nimeshazima," bosi wangu alisema akitoka nyuma, zilipo swichi zetu na za jirani. "Au fundi wa kike anaogopa?"

Saida aligeuza shingo, akasikiliza. Na mimi nikasikiliza, ndipo nikaelewa: mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa imenyamaza.

"Nani huyo amezima?" akina mama wenye mahindi wakapiga kelele.

Saida akachomoa testa, bisibisi ya kupimia umeme, mfukoni, akaigusisha kwenye waya uleule. Taa yake ikawaka.



"Umezima ya jirani, baba," Saida alimwambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Nilitazama kucha zake zilizojaa grisi.

Kisha akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, nenda ukazime wewe."

Nikaenda, nikazima. Nikasimama palepale, nimeifunika ile swichi kwa kiganja, mpaka aliponiambia niwashe.