Kifurushi Namba Kumi na Moja

Siku ile mjinga alikuwa dereva wa posta, na mwenyewe hakatai. Aliingia ofisi ya tawi la chama na vifurushi vitatu kwapani, akaufunga mlango kwa kisigino, akamwambia Katibu kwamba leo haondoki mpaka mama mmoja aambiwe ukweli.

Katibu, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa anapanga fomu za wapiga kura. Akavua miwani. Vifurushi alivitambua kabla havijatua mezani: kamba ilikuwa yake, na mafundo yalikuwa yake.

Kila Jumanne akina mama wa chama walikutana chumba cha nyuma kupakia sabuni, soksi na biskuti za watoto wao walio jeshini, mpakani. Mwezi wa kwanza kila mama alimpakia wa kwake. Kifurushi kimoja kikaja kizito kama gunia la saruji, kingine kina sabuni mbili na dua, na nusura akina mama waanze vita vyao hapohapo. Ndipo Katibu akaweka sheria: kila askari apewe namba, kila mtu aokote karatasi moja, na yeye Katibu ahakikishe hakuna anayempakia wa kwake. Majina yakabaki kwenye daftari lake na kwenye orodha moja kule kambini. Tangu hapo kila mmoja alimpakia asiyemjua, na vifurushi vikalingana kama mapacha.

Mwanamume pale mezani alikuwa dereva peke yake. Mkewe alikuwa mwanachama wa siku nyingi. Alipofariki, kiti chake kilikosa mtu, dereva akakikalia, na kijana wao akaingia kwenye orodha kama wengine. Akina mama walimwita Mama Ndevu. Aliitika.

Kifurushi cha kwanza cha namba kumi na moja kilirudi posta miezi miwili nyuma, kimepigwa mhuri mwekundu. Mhuri mweusi maana yake askari amehamishwa. Mwekundu maana yake msitume tena. Barua za msiba za jeshi hupita ofisi nyingi kabla hazijamfikia mzazi, na posta ilishazitangulia zaidi ya mara moja. Dereva akakificha kifurushi chini ya kitanda chake. Cha pili vilevile. Lakini tangu hapo Jumanne ikawa adhabu: anakunja soksi huku akiwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akijiuliza ni wa nani.

Hakuchukua muda kupata jibu. Wenzake walikuja na barua, wakazisoma kwa sauti, wakagombania nani mwanawe ana mwandiko mbaya zaidi. Mama mmoja tu, fundi cherehani, hakuwa na barua, huu mwezi wa tano. Dereva naye hakuwa nayo, lakini kijana wake tangu shuleni insha yake haikupata kuzidi mistari mitatu, kwa hiyo hilo halikumshangaza mtu. Ni Fundi, basi.

Akaacha kumtania. Akambebea cherehani yake mpaka kwenye matengenezo na kuirudisha. Akamchekea hata pale asipochekesha. Wiki ya tatu Fundi akamuuliza mbele ya watu kama anaumwa au anatafuta mke.

Dereva angenyamaza hata mwaka. Ila chama kilikuwa kimeshaamua: Jumamosi, kwenye mkutano wa kampeni, Fundi apande jukwaani azungumze kama mama wa askari. Gauni alishajishonea. Maneno alishayashika, anayarudia huku akipanga sabuni: mwanangu yuko macho mpakani, ndiyo maana ninyi mnalala. Na asubuhi hiyo kifurushi cha tatu kikarudi.

Yote hayo dereva aliyamwaga mbele ya Katibu bila kumeza mate. Haiwezekani, alisema, kumsimamisha mwanamke mbele ya umati ajivunie mtoto ambaye hayupo, kisa kura.

Katibu alikuwa anavipanga vile vifurushi, kimoja juu ya kingine, kingo kwa kingo, kama vile vitakaguliwa. Mwishowe akasema jambo hili lingoje jioni. Angekuja mwenyewe nyumbani kwa dereva, wazungumze kwa utulivu.

Dereva akamuuliza nyumbani kwake kuna nini. Pa kwenda ni kwa Fundi, na ni sasa hivi. Tena hata nauli haihitajiki, yule pale chumba cha nyuma anasikika akicheka.

Katibu akasema habari ya namna hiyo haitupwi kama gazeti mlangoni. Inataka ndugu wawepo, inataka mtu awe na wa kumshika mkono. Halafu, kama aliyepotewa na mazungumzo, akauliza kama dada yake dereva bado anakaa mtaa wa pili.

Hapo dereva akaona anazungushwa. Akapandisha sauti, na kicheko cha chumba cha nyuma kikakatika.

"Mwalimu, unamhurumia Fundi au unaihurumia Jumamosi yenu? Mzazi ana haki yake. Ningekuwa ni mimi, ningetaka niambiwe papo hapo, usoni, bila kuzungushwa."

"Ungetaka hivyo?"

"Hivyo hivyo. Papo hapo."

Katibu akainuka, akakivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakisogeza mpaka kikagusa magoti ya dereva.

"Basi kaa, baba. Kumi na moja ni wako."