Glavu za Mwanakheri

Siku hizi kila fundi hufanya kazi na glavu zinazokariri mikono yake, na akifa, wakubwa huja kuzichukua. Wanasema ujuzi ni mali ya taifa. Mgongo ulipomuuma marehemu mke wangu, hilo taifa sikuliona.

Mwanakheri alifinyanga vyungu, mimi nikavipaka rangi, hapa hapa ufukweni. Alipofariki nikazivaa glavu zake. Ziliniongoza vidole, vyungu vikatoka kama vyake, hata na ile alama ya kidole gumba aliyopenda kuiacha ukingoni. Mdogo wake, Subira, akacheka.

"Lo, shemeji! Mwanamume mzima unafinyanga! Bado kusuka nywele tu."

Jana akaja afisa na mkoba.

"Pole na msiba, mzee. Nimefuata glavu."

"Niache nimalize hiki chungu."

"Siruhusiwi."

Nikazivua. Zilikuwa bado na joto. Nikakaa nakitazama kile chungu nusu, nikaona ndiyo basi, Mwanakheri kaondoka mara ya pili.

"Shemeji, udongo unakauka huo," Subira akasema, safari hii bila kucheka.

Nikaugusa kwa mikono mitupu. Chungu kikapanda, kimepinda kidogo, lakini kikasimama. Nilipofika ukingoni, kidole gumba changu kikabonyeza chenyewe, pale pale alipokuwa akibonyeza yeye.

Afisa alikuwa hajatoka mlangoni. Aliitazama mikono yangu, si glavu.

"Na hiyo, mzee, umeipata wapi?"

"Kwa mke wangu," nikamjibu, nikachukua donge jingine.