Kikohozi Mlangoni

Siku hizi, mtafiti akimhoji mtu kuhusu mateso ya utotoni, kumbukumbu humtoka msimuliaji na kumwingia mtafiti. Sheria inataka aliyeumizwa asiumie tena.

Leo mtafiti Sikudhani alimhoji bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa akikohoa mlangoni kabla ya kuingia na mkanda. Bibi aliondoka akicheka.

Jioni baba yake Sikudhani, mzee ambaye hakuwahi kumpiga hata kofi, alimletea ndizi mbivu. Akakohoa mlangoni, kama ilivyo kawaida yake.

Alimkuta bintiye amejikunyata chini ya meza, mikono kichwani.

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Sikudhani alijua hajamkosea kitu, akataka kumwambia hivyo. Lakini mzee aliposogea, kilichomtoka kinywani ni, "Sirudii tena, baba."